Kahawa, chai na saratani ya utumbo mpana

Swali
Ndugu zangu, baba yangu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana, nami hunywa vikombe vinne vya kahawa na viwili vya chai kila siku. Je, nipunguze?

Jibu la 1
Pole sana kwa msiba. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilipitia upya ushahidi na kuona kwamba hautoshi kuihesabu kahawa miongoni mwa visababishi vya saratani. Kilichotiliwa shaka ni kinywaji chochote chenye moto unaozidi nyuzi 65, na hapo hofu ilihusu umio, si utumbo. Kikombe kikikuunguza ulimi, kiache kipoe.

Jibu la 2
Mimi ningeuliza kwanza kinacholiwa pamoja na hiyo kahawa. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa, gramu 50 tu kwa siku, zinahusishwa na ongezeko la hatari la asilimia 18 hivi. Hata hivyo, la baba yako ndilo zito: mweleze daktari umri aliogunduliwa nao, ili akupangie kipimo cha kamera, kwa kuwa vinyama vinavyoota ukutani mwa utumbo huweza kuondolewa kabla havijageuka saratani.

Muulizaji
Aligunduliwa akiwa na miaka 48.

Jibu la 2
Basi usisubiri kufika 50. Mwone daktari mapema, na kahawa yako endelea nayo.