MJADALA: Kuipigia ngoma Haleluya ya Händel, tunaiharibu au tunaikamilisha?

Mwanzisha mada, Nyakato

Wanakwaya wa Mwanza na kando ya ziwa, tulimalize hili. Kila Noeli na Pasaka zikikaribia, kwaya zinagawanyika. Wapo wanaotaka Haleluya ya Händel iimbwe kama ilivyo kwenye nota: sauti nne, kinanda, basi. Wapo wanaotaka ngoma, kayamba na vigelegele tangu kipimo cha kwanza, kwa hoja kwamba bila hivyo waumini wa Magu au Sengerema wanakaa kimya kama wageni.

Mimi niko upande wa nota. Händel aliiandika Messiah nzima, ile kazi kubwa ambamo Haleluya imo, kwa siku 24, tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741, juu ya maneno ya Biblia yaliyopangwa na Charles Jennens. Kuna vipimo 94 katika Haleluya na kila kimoja kina kazi yake. Mtu akishakufa, naye alikufa 14 Aprili 1759, hawezi kujitetea. Nani katupa ruhusa ya kumwekea asichoandika?

Besi la Igoma

Mwalimu, heshima yako, lakini "kama ilivyo" ni ipi? Händel mwenyewe hakuacha Messiah moja. Ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, 13 Aprili 1742, vyombo vilikuwa vichache: vya nyuzi, tarumbeta mbili, timpani na kinanda. Alipoipeleka London akaongeza oboe na fagoti, vyombo vya kupuliza. Akipata mwimbaji mpya, anamwandikia upya wimbo wa mtu mmoja umfae koo lake. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi anayefanya kazi na watu alio nao, tofauti na sisi tunaofanya kazi na fotokopi.

Tazama hesabu za Foundling Hospital, nyumba ya kulelea watoto walioachwa ya London, mwaka 1754. Waimbaji wa kwaya 19 tu: watoto 6 wa sauti ya kwanza, wanaobaki wanaume watu wazima. Wapigaji vyombo 38. Yaani vyombo vilikuwa mara mbili ya sauti! Sisi tunaweka waimbaji 60 mbele ya kinanda kimoja chenye spika moja, halafu tunasema tunamfuata Händel.

Kisha mwaka 1784, miaka 25 baada ya kifo chake, wakakusanya waimbaji na wapigaji zaidi ya 500 katika kanisa la Westminster Abbey. Mwaka 1789 Mozart akaipanga upya kwa Kijerumani, akatia filimbi, klarineti na tromboni ambazo Händel hakuziandika. Mozart hatumwiti mharibifu. Akifanya hivyo Msukuma ndipo tunashika kichwa.

Na kubwa zaidi: ngoma zimo tayari. Fungua nota kamili, ile ya vyombo vyote, usitazame ya waimbaji na kinanda tunayozungushiana kwenye simu. Utaona mstari wa timpani, ngoma mbili, D na A. Kwa herufi zetu za solfa (*d r m f s l t*), do ikiwa D, hizo ni *d* na *s* ya chini. Aliyeifuta ngoma ni yule aliyeipunguza nota ili itoshe vidole kumi vya mpiga kinanda.

Mwanzisha mada, Nyakato

Hapo umenishika, nakubali. Lakini umeruka jambo. Timpani za Händel hazishiki mdundo. Zinanyamaza sehemu ndefu, zinaingia pamoja na tarumbeta, zinatia nukta na kutoka. Ngoma tunayosikia kwenye kwaya zetu inaanza mwanzo na haiachi mpaka Amina. Hivyo ni vitu viwili tofauti, hata kama vyote vimewambwa ngozi.

Nikueleze kinachoharibika, kwa mpangilio wa kinavyoharibika. Kwanza mwendo. Mpiga ngoma akipata moto anaongeza kasi kidogo kidogo, kwaya inamfuata, na wakifika "naye atamiliki" ambapo sauti zinaingia moja baada ya nyingine, besi ikianza na nyingine zikifuata, hakuna anayesikia mwenzake. Pili umbo la neno lenyewe. Haleluya ya kwanza ni *d s l s*: *d* inashika pigo moja na nusu, tatu zinazofuata nusu pigo kila moja, kisha kimya cha pigo moja. Ngoma zetu nyingi zinagawa pigo kwa tatu. Ukiweka tatu chini ya mbili, ule mshiko unalegea na kimya kinajazwa.

Tatu, na hii hainitoki rohoni: ule ukimya wa mwisho. Kabla ya Haleluya ya mwisho inayokwenda polepole, wote wanaacha. Kila chombo, kila sauti. Ukimya ule ndio unaobeba wimbo wote uliotangulia. Mpiga ngoma asiyejua anaujaza kwa mpigo wa kupokea, kama afanyavyo kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, majembe yakirushwa. Basi, limekwisha.

Binti Kisesa

Kaka zangu, mnagombania Händel wakati Bujora, kituo cha utamaduni wa Wasukuma, iko jirani. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefika pale miaka ya 1950, hakuchukua wimbo wa Ulaya akaupaka ngoma juu. Alijenga kanisa la duara kwa kufuata nyumba ya mtemi, akakusanya vyombo na nyimbo, na sikukuu ya Ekaristi akaipa mashindano ya ngoma, Bulabo, ambayo bado yapo. Vyama viwili vya ngoma, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wanacheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji mwenye karatasi. Muziki wa aina hiyo una sheria zake na manju wake. Unataka ngoma? Tunga Haleluya ya ngoma. Usimvalishe Händel mgolole.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishalisema mwaka 1963, katika hati ya Liturujia, namba 119: watu wa nchi za misioni wana mapokeo yao ya muziki, nayo yapewe heshima na nafasi inayostahili. Mapokeo yao, jamani. Hati haikusema tukarabati ya wengine.

Mpiga Kinanda, Kirumba

Dada, hoja nzuri, ila mapokeo yetu ya kwaya yalizaliwa mchanganyiko. Wimbo wa taifa tunaousimamia unatokana na Nkosi Sikelel' iAfrika, uliotungwa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, kwa herufi hizihizi za *d r m*, kwa mtindo wa tenzi za kizungu. Yeye aliandika ubeti wa kwanza na kiitikio. Beti saba ziliongezwa na mshairi Samuel Mqhayi mwaka 1927. Sontonga alifariki 1905, hakuona lolote. Kazi imekua mikononi mwa wengine, na hakuna anayelia.

Ila jina la aliyeongeza limeandikwa. Hapo ndipo kwaya zetu zinapokosea kuliko kwenye ngoma. Kumbukeni Misa ya Wafu ya Mozart: alikufa 5 Desemba 1791 hajaimaliza, mwanafunzi wake Süssmayr akaimalizia, mjane Constanze akaikabidhi kama kazi ya Mozart yote ili alipwe, na hadi leo wasomi wanachambua kipi ni cha nani. Nakala zetu zinazozunguka kwenye simu zitatufikisha hukohuko. Tafsiri ya fulani, mpangilio wa fulani, juu imeandikwa "Händel" peke yake, au haikuandikwa kitu. Händel ni mali ya wote. Aliyetafsiri au kupanga juzi bado ana haki zake: sheria yetu ya hakimiliki, namba 7 ya 1999, inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo.

Sasa niongelee kii, yaani do iwe juu au chini kiasi gani, maana mnabishana ngoma huku soprano wanakabwa. Uma wa Händel wa kupimia sauti, wa mwaka 1751, ulipimwa ukatoa A ya mitetemo 422.5 kwa sekunde. Vinanda vyetu ni 440. Tofauti hiyo inapita nusu ya nusu sauti, yaani D ya Händel iko karibu zaidi na D bemoli (nusu sauti chini ya D) ya kinanda chako kuliko D yenyewe. Kwa hiyo bonyeza transpozi, kitufe cha kuhamisha kii, shusha nusu sauti moja, usione haya. Pale "Mfalme wa wafalme" soprano wanaposhikilia noti ndefu na kupanda hatua kwa hatua hadi *f* ya juu, nusu sauti hiyo ndiyo inayotenganisha kuimba na kupiga kelele. Mbili usishushe, besi watazama.

Na hapo penye "Mfalme wa wafalme" pana tatizo kubwa kuliko ngoma. Kiingereza kina silabi tatu, sisi saba. "Naye atamiliki" saba, kwao nne. Mtafsiri analazimika kuzikatakata noti ndefu, na Händel alizitaka ndefu. Dawa: weka "Mfalme" kwenye noti ndefu, "wa wafalme" uipeleke haraka mwishoni kabla ya kupumua, na mkazo ukae kwenye *fal* mara zote mbili. Ukigawa silabi saba sawasawa, inakuwa kama mtu anahesabu samaki mwaloni.

Soprano mmoja, Ilemela

Swali dogo: tusimame au tukae? Maana padre anasimamisha watu kwa sababu "mfalme wa Uingereza alisimama".

Mpiga Kinanda, Kirumba

Simameni mkipenda. Habari ya Mfalme George wa Pili kusimama haina shahidi wa siku ile. Inaonekana kwanza kwenye barua ya mwaka 1780, Händel keshalala kaburini miaka 21.

Binti Kisesa

Basi ngoja niulize kwa vitendo, maana Besi la Igoma anasema timpani zimo. Nani Mwanza ana timpani?

Besi la Igoma

Hakuna haja. Chukua ngoma mbili za ngozi ya ng'ombe, kubwa na ndogo. Kubwa iwe *s* ya chini, ndogo iwe *d*, mwachano wa nne. Zipimwe kwa kinanda kikiwa tayari kimeshushwa, siyo kabla. Watu wengi wanapima kwenye D halafu mpiga kinanda anashusha, ngoma zinabaki juu peke yake. Ngozi ikilegea, ianike juani au isogeze karibu na moto, mbali kidogo isiungue, huku ukigonga ukingoni pande zote usikie kama zinalingana. Upande mmoja ukiwa chini, sauti inayumba, haitoi noti. Upepo wa ziwa wenye unyevu unashusha ngozi, wakati wa masika zaidi, kwa hiyo pima tena dakika chache kabla ya kuingia, usitegemee kipimo cha asubuhi.

Mpigaji awe mmoja kwa ngoma zote mbili, atumie fimbo zilizofungwa kitambaa, kiganja kinazima noti. Mpe karatasi yake yenye mapigo na vimya vilivyohesabiwa. Asisubiri kukonyezwa na mwalimu. Mahali pa hakika pa kumpa ni yale majibu ya "milele na milele, haleluya, haleluya" wakati soprano wameshikilia noti yao ndefu. Na pale kwenye ukimya wa mwisho aweke viganja vyote viwili juu ya ngozi, maana ngoma kubwa inaendelea kuvuma hata kama hajaipiga.

Mwanzisha mada, Nyakato

Viganja juu ya ngozi. Hapo sina ubishi. Kayamba je?

Besi la Igoma

Kayamba hapana.