Mama yupo Minnesota na hana raha, nyie wazazi wenu mnaishi nao vipi?

Mmachame wa Barafuni:
Wakuu habari. Mama nilimleta hapa Minneapolis atulelee wajukuu, grinikadi ya ukaazi anayo, sasa watoto wote wako shule na mimi na shemeji yenu tunatoka alfajiri, anabaki na TV ya Kizungu asiyoielewa. Juzi saa nane usiku namkuta macho, kajifunika shuka anasikiliza voisi za kikoba chao Moshi, maana kule ni saa tano asubuhi ndo wanakaa kikao, halafu mchana kutwa analala. Ukimuuliza, "mi sijambo mwanangu". Chakula anagusagusa tu. Nimrudishe?

Mdigo Texas:
Pole dada. Tuambiane ukweli tu, tunawaita waje wapumzike kumbe tunatafuta yaya, na dei kea za kulea watoto huku bei yake mnaijua. Wajukuu wakikua bibi hana tena kazi humo ndani. Mtu Tanga alikuwa anasuluhisha ndoa za mtaa mzima, huku anaambiwa hata jiko asiwashe alamu italia! Mwachie jiko, na mpe hela mkononi siyo kumnunulia kila kitu.

Nyanya Fan254:
Uko Minneapolis halafu mama anakosa wa kuongea naye?? Mpeleke Karmel Mall, yale maduka ya Wasomali, wikendi. Wamama wa Kisomali wengi walipitia Nairobi na Mombasa, Kiswahili wanakijua, mama yangu alianza kwa kubishania bei ya dera na mmoja pale, saa hii wanapigiana simu kila siku. Na kama ni Mlutheri, huko Minnesota si ndo kwao, ila tafuta ibada ya Kiswahili. Viatu vya theluji pia, wazee wengine wanajifungia juu ya kuogopa kuteleza.

Kibopa:
Kumrudisha angalia makaratasi kwanza. Akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi 6 anaulizwa maswali eapoti, akipitisha mwaka bila kibali cha kurudi hiyo kadi anaweza kuikosa. Kibali kinaweza kufika miaka 2.

Mmachame wa Barafuni:
Hahaa ya dera nimecheka, huyo ni mama mtupu. Jumamosi tupo huko. @Kibopa hicho kibali naweza kumwombea akishafika Moshi?

Kibopa:
Hapana, anaomba akiwa huku huku, na asipande ndege kabla hajaitwa akachukuliwa alama za vidole.