Tupeane uzoefu: wazee wapole waliotufaa mitaani, Kigoma, Tabora na kwingine

Wakuu habari za jioni. Wiki hii tumemzika mzee mmoja pale Kibirizi, fundi karabai, jina nalihifadhi kwa heshima ya familia ila watu wa Kibirizi na Mwanga mshamjua. Naomba tukumbukane wazee wa namna hii maana hakuna redio itakayowatangaza.

Kwa wasiojua, dagaa wetu wa ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku wa giza, taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga ndo wavu unapandishwa. Ikifika mbalamwezi taa hazivuti kitu, vipe (vyombo vyetu vya kuvulia dagaa) vinapumzika. Sasa wavuvi wanatengeneza taa lini? Kipindi hicho hicho ambacho mfukoni hamna hata mia. Mzee alilijua hilo. Unampelekea karabai pampu imekufa, anaifungua, anabadili ngozi ya pampu, anazibua sindano, anakwambia "nenda kavue mwanangu, giza likirudi tutaonana". Haandiki popote. Na wapo ambao giza lilirudi hawakuonekana, mbalamwezi nyingine wakaja tena na taa mbovu na akawapokea vilevile. Hili ndo limenikaa moyoni, kusamehe mara moja wengi tunaweza, yeye alikuwa anasamehe kila mwezi na hanuni.

Mama wa mchangani: Jamani kumbe ndo huyo! Mi naanika dagaa hapo, na mvua ikikukuta dagaa wako chini wamelowa ujue mtaji umeenda. Kuna siku wingu lilitanda ghafla kutokea upande wa Kongo, niko peke yangu na mtoto mgongoni, mzee akaliangusha turubai la kibanda chake akaja kunifunikia dagaa, taa za watu kaziingiza chini ya meza yeye mwenyewe analowa. Sikumwita wala sikumwomba. Kesho yake nikampelekea kopo zima, akachota konzi moja akasema hii mboga ya jioni inatosha, zingine kauze umlishe mtoto. Mungu amlaze pema baba yangu.

Kijana wa reli: Poleni wafiwa. Mi wa kwangu alikuwa mchukuzi wa mizigo stesheni ya Tabora. Ukitoka Kigoma unaenda Mwanza pale unashuka unangoja treni nyingine, na ngoja yenyewe inaweza kukesha. Mzee akiona wanafunzi, hasa mabinti, anasogeza kitoroli chake karibu yao anakaa hapo mpaka wapande, vibaka hawasogei. Hela hataki, kukipambazuka ni "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya huko, basi anaondoka kutafuta riziki yake.

Mdau wa Ujiji: Innalillahi. Hivi siku hizi si taa za sola na betri tupu, mzee alikuwa anaishije?

Mwanzisha mada: Alijifunza mkuu. Alikaa chini ya kijana wa umri wa mjukuu wake akafundishwa kuunga nyaya, na mbele za watu alikuwa anamwita "mwalimu wangu", yule kijana makaburini tumemshika watu wawili. Sasa hivi kibanda anakiendesha yeye na hela ya wiki anampelekea bibi, mjane wa mzee. Hitma ni Ijumaa baada ya alasiri hapo hapo nyumbani kwake, mwenye majamvi au sufuria kubwa aje nayo, mchele tumeshapata.