Mjadala: Je, ni haki bahati nasibu iamue nani apande Half Dome na Angels Landing?

Mwanzisha mada (Sacramento, California)

Ndugu zangu, kila ifikapo Machi watu wanaopenda kutembea milimani hapa Marekani hugawanyika juu ya jambo moja: je, ni haki serikali iendeshe bahati nasibu ili kuamua nani apande njia fulani ya hifadhi ya taifa na nani abaki bondeni? Machi ndio mwezi wa kuomba vibali vya msimu vya Half Dome, lile jabali la Hifadhi ya Yosemite, hapa California, ambalo upande wake mmoja ni kama limekatwa kwa msumeno. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusizungushane. Kura hii ya bahati nasibu ibaki, lakini namna inavyoendeshwa sasa inawaonea wanaoshindwa, na kasoro hiyo inaweza kuondolewa bila kuongeza hata mtu mmoja juu ya mwamba.

Kwa ambaye hajafika, safari ya Half Dome ni ya kutwa nzima, kilomita 22 hadi 26 kwenda na kurudi kutegemea njia utakayoshika, na kimo unachopanda ni karibu mita 1,460. Miguu ikiwa imekwisha kuchoka ndipo unapofika penye nyaya. Hizo ni nyaya mbili za chuma zilizopandishwa juu ya granaiti tupu kwa takriban mita 120, zikishikiliwa na nguzo zilizosimama jozi kwa jozi, na kwenye kila jozi pamelazwa ubao wa kutegemezea nyayo. Klabu ya Sierra, chama cha wapenda milima na watunza mazingira, ndiyo iliyoziweka mwaka 1919. Wanaopanda na wanaoshuka hupishana humo humo katikati ya nyaya, na mmoja akishikwa na hofu akaganda, wote walio nyuma yake husimama wakining'inia kwa mikono ambayo tayari inatetemeka. Kabla ya vibali, zaidi ya watu elfu moja waliweza kupanda katika Jumamosi moja ya kiangazi. Kileleni hapana pa kujikinga na radi, na mwaka 1985 radi iliua watu wawili pale. Mawingu yakianza kujikusanya, kila mtu anataka kushuka kwa wakati mmoja, na granaiti iliyolowa haina huruma na kiatu cha aina yoyote.

Ndiyo maana vibali vilianza mwaka 2010 kwa siku za mwisho wa wiki na sikukuu, na mwaka uliofuata vikawa vya kila siku. Leo wanaruhusiwa watu 300 kwa siku, 225 wakiwa wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na waliobaki ni wale wanaolala porini. Hifadhi ya Zion, huko Utah, ilifuata nyayo hizo tarehe 1 Aprili 2022 kwa njia ya Angels Landing, ambayo ni fupi zaidi, ila kipande chake cha mwisho kinapita juu ya ukingo mwembamba wenye minyororo ya kushikilia, na pande zote mbili ni shimo la mamia ya mita.

Karibuni, kwa hoja.

Mchangiaji wa Aurora, Colorado

Ndugu mwanzisha mada, naomba kutofautiana nawe, na nitaanza na fedha kwa sababu wewe hukuzigusa kabisa. Ombi la Half Dome linalipiwa dola 10 na la Angels Landing dola 6, na ukishindwa fedha hiyo hairudi. Aliyepata hulipa tena, dola 10 kwa kila mtu kule Yosemite na dola 3 kule Zion. Mfumo wa Recreation.gov unaopokea maombi haya unaendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba na serikali, na malipo ya kampuni hiyo hutegemea miamala. Sisemi kuna wizi. Nasema tu kwamba mfumo ambao mwendeshaji wake hapati hasara yoyote watu wakishindwa na kuomba tena na tena, hauna sababu ya kutafuta njia ya kupunguza wanaoshindwa.

Pili ni suala la muda. Mimi nafanya kazi ya zamu ghalani, na ratiba ya wiki ijayo naiona wiki hii. Mtu wa aina yangu atasemaje mwezi Machi kwamba Jumatano fulani ya Agosti atakuwa huru? Wenye likizo za kulipwa na ratiba za mwaka mzima ndio wanaoomba kwa utulivu. Zamani aliyeamka saa tisa usiku akaanza kutembea kwa tochi alipata nafasi yake kwa jasho lake, na hakuna aliyemuuliza kadi ya benki. Ardhi ni ya umma, na leo, ukiwa huna kibali, askari wa hifadhi anaweza kukuzuia kwenye mwamba wa umma, ukabishana naye ukapelekwa mahakamani, kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia miezi sita jela na faini ya dola 5,000.

Na tatu, hoja ya usalama isipokewe hivi hivi. Wapo watafiti wa tiba ya milimani waliolinganisha miaka ya kabla na ya baada ya vibali vya Half Dome, na hawakuona kwamba ajali na vifo vimepungua kama tulivyoahidiwa. Watu wanaanguka kwa sababu ya mvua, uchovu na viatu vibaya, na bahati nasibu haichagui wenye viatu vizuri.

Mchangiaji wa Arusha

Naomba niingie, ingawa niko mbali na huko, kwa kuwa nimepandisha wageni mlimani kwa muda mrefu na mjadala wa nani apande na nani asipande naujua kwa upande wa pili.

Sisi Kilimanjaro hatuna bahati nasibu. Tuna bei. Mgeni analipa ada za hifadhi kwa kila siku anayokaa mlimani, analipa za kambi, ni lazima awe na kiongozi, na juu ya hapo kuna wapagazi na mpishi, hata safari ya siku sita au saba ikavuka dola elfu moja kwa urahisi. Rwanda walipotaka watalii wachache wa sokwe wa milimani, mwaka 2017 walipandisha kibali hadi dola 1,500 kwa mtu. Hakuna anayefukuzwa langoni, ni kweli, kwa sababu waliokosa wameishia nyumbani kwao wakisoma orodha ya bei. Kwa hiyo ndugu yangu wa Aurora anapozilalamikia dola 10, namwelewa, lakini namwomba akumbuke kwamba kura hiyo haimjui tajiri. Daktari na mbeba mizigo wanaingia kwenye kapu moja, na mwenye hela hawezi kununua nafasi ya pili. Mimi naipenda kuliko mfumo wetu, hata kama mfumo wetu ndio unaonilisha.

Niongeze jambo ambalo wengi huku wamelisikia. Tangu Januari 2026 Wamarekani nao wameingia kwenye njia ya bei: mgeni asiye mkazi, mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, anaongezewa dola 100 katika hifadhi 11, zikiwemo Yosemite na Zion, na pasi ya mwaka ambayo mkazi anainunua kwa dola 80 kwake ni dola 250. Sisi tulioweka viingilio vya mgeni na vya mwananchi tangu zamani hatuna uso wa kulalamika. Ila kama lengo ni kupunguza msongamano kwenye njia zenye kura, dola 100 hazisaidii kitu, maana nafasi za Half Dome ni 300 tu, zitajaa vilevile.

Mchangiaji wa Toronto

Uso wa kulalamika mimi ninao, kaka yangu wa Arusha. Mimi na mume wangu tusiponunua pasi ya mwaka tutalipa dola 200 zaidi ya kiingilio cha gari, kisha tulipie kura, kisha tushindwe kura. Mkazi akishindwa amepoteza dola 6. Sisi tumekwisha kupanga safari nzima kwa ajili ya njia ambayo hatujui kama tutaikanyaga.

Mchangiaji wa Minneapolis, Minnesota

Nashangaa kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini nyaya zenyewe zipo. Sheria ya nyika ya mwaka 1964 inazungumzia ardhi isiyo na alama za kudumu za binadamu na yenye nafasi ya upweke, na kilele cha Half Dome kimo ndani ya eneo lililowekwa chini ya sheria hiyo mwaka 1984. Wakati Idara ya Hifadhi za Taifa inaandaa mpango wake wa kudumu, uliokamilika mwaka 2012, kuziondoa nyaya lilikuwa mojawapo ya mapendekezo yaliyopimwa. Likaachwa. Ondoeni nyaya, na hakuna atakayehitaji kura.

Mwanzisha mada

Nashukuru kwa michango. Suala la wageni kutozwa zaidi linastahili mada yake, kwa hiyo dada yangu wa Toronto atanisamehe nikiliacha, ingawa malalamiko yake juu ya kura yamo ndani ya haya nitakayosema.

Kwa ndugu wa Minneapolis: ukiondoa nyaya utakuwa umewaachia Half Dome wanaojua kupanda kwa kamba na vifaa, kundi dogo mno. Huo nao ni mchujo, tena mkali kuliko wa kura, na umma uliopanda pale kwa zaidi ya miaka mia moja hautaukubali.

Sasa nije Aurora. Habari ya kuamka saa tisa usiku inapendeza kusikia, lakini tuangalie nini kinatokea mahali ambapo aliyewahi ndiye anayeingia. Kule Hifadhi ya Arches, Utah, kabla ya kuanza utaratibu wa kuingia kwa saa ulizoomba mwaka 2022, maegesho yakijaa lango lilikuwa likifungwa kwa saa kadhaa, na familia zilizoendesha gari kutoka mbali zikigeuzwa barabarani. Waliowahi hawakuwa wenye jasho kuliko wengine. Walikuwa wale waliolala mji wa Moab, mwendo mfupi wa gari kutoka langoni, na chumba cha Moab msimu wa watalii si bei ya mtu wa ghala. Hata Half Dome, kabla ya vibali, aliyewahi alipanda kwa raha na waliochelewa walibanana kwenye nyaya kama abiria mlangoni mwa daladala jioni, na hao ndio waliokutwa na mawingu ya mchana.

Juu ya utafiti wa ajali, sikupingi. Kibali hakikaushi mwamba. Lakini idara haikuweka kiwango cha watu 300 kwa ajili ya ajali pekee. Ilitaka pia mtu aliye kwenye nyaya aweze kusogea, kwenda juu au chini, kwa hiari yake. Hilo limepatikana, na aliyewahi kuning'inia dakika nyingi akimsubiri mtu asiyemjua atoe mguu kwenye ubao hawezi kulidharau.

Pendekezo langu linatoka ndani ya hifadhi zenyewe. Wanaotaka kushuka mto Colorado ndani ya Grand Canyon kwa mashua zao binafsi walikuwa na orodha ya kusubiri iliyofika miaka zaidi ya kumi. Mwaka 2006 orodha hiyo ikaondolewa, ikaja kura yenye uzito: ambaye hajashuka mto kwa miaka kadhaa huwa na nafasi nyingi ndani ya kapu kuliko aliyeshuka juzi. Kwa nini Half Dome isiwe hivyo? Leo aliyepanda mwaka jana na aliyeshindwa mara chungu nzima wana nafasi sawa kabisa, na huo ndio uonevu ninaousema. Kisha ada ya maombi ilipwe na anayepata tu. Najua jibu litakuwa kwamba ada inazuia watu kujaza maombi hamsini, lakini kanuni tayari inamruhusu mtu ombi moja tu, na anayerudia jina lake maombi yake hufutwa.

Na kwa wenye kazi za zamu ipo kura ya karibu. Half Dome unaomba siku mbili kabla, mpaka saa kumi jioni. Angels Landing unaomba siku moja kabla, mpaka saa tisa alasiri, na majibu hutoka saa kumi.

Mchangiaji wa Aurora, Colorado

Kura yenye uzito naiunga mkono, na kumwondolea ada aliyeshindwa pia. Hiyo kura ya karibu ndiyo nisiyoikubali, na nakuomba uipige hesabu. Kutoka kwangu hadi Zion ni mwendo wa zaidi ya saa tisa kwa gari. Majibu yakitoka saa kumi jioni na kibali kikawa cha kesho asubuhi, maana yake niendeshe usiku kucha kisha nikashike mnyororo juu ya shimo nikiwa sijafumba jicho. Au niende kabla sijajua, nilipie chumba, kisha nishindwe nikiwa huko huko, nikaishie Scout Lookout, kituo cha njiani kabla ya kipande cha mwisho, ambako hakuhitaji kibali. Kwa mtu wa St. George, mwendo wa chini ya saa moja, kura hiyo haina usumbufu wowote. Hapo kapu moja la kaka yetu wa Arusha limeshakuwa makapu mawili.

Mimi nataka nusu ya vibali vitolewe kaunta, palepale hifadhini, kwa mtu aliyekwisha kufika. Aliyefika amekwisha kulipa kwa safari yake.

Mwanzisha mada

Hesabu yako juu ya Zion ni sahihi, na kwa sababu hiyo kura ya siku moja kabla ingerudishwa nyuma angalau siku tatu, ili mtu wa mbali apate usiku wa kulala. Nusu kwa kaunta siikubali. Kaunta ina foleni, na foleni ya kaunta itaanza usiku wa manane na kujazwa na wale wale wanaolala Springdale, mlangoni mwa Zion. Nipe theluthi, na iwe hivi: kila aliyefika kabla ya saa moja na nusu asubuhi aandikishe jina, majina yatikiswe mbele ya watu wote, na aliyetangulia kufika asipewe upendeleo wowote.

Mchangiaji wa Aurora, Colorado

Theluthi naichukua. Ila majina ya wale walioshindwa kwenye kura ya msimu yatikiswe kwanza.