Tupeane uzoefu: Hijja ilikuuguza nini?

Assalaam alaykum. Mliokwenda Hijja, mliugua nini na mlijikinga vipi? Bi mkubwa wangu anaondoka msimu huu. Kwenye semina wamefundishwa ihramu na mabegi, afya wakaipitia juu juu.

HAJJAT: Kikohozi, mwanangu. Mina magodoro yamebanana, mmoja akianza usiku, asubuhi hema zima linakohoa. Mimi barakoa nilivaa ndani ya basi na msongamano ulipozidi, nikaibadilisha kila ilipolowa jasho. Bado kilinipata, ila chepesi.

NESI MSTAAFU: Kikohozi ni adha. Kinachoua, tena kwa saa chache, ni homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2000 ililipuka kwa mahujaji, aina ya W135, wakarudi nayo mpaka Ulaya na Asia. Wengi walikuwa wamechanjwa, lakini chanjo yao ilikinga A na C tu. Ndiyo maana Saudia sasa inadai ya aina nne: A, C, W na Y, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Ukichomwa usiku wa kuamkia safari, cheti unacho, kinga bado. Wanaonunua muhuri bila sindano sina la kuwaambia. Bi mkubwa ana kisukari au pumu? Basi na ya mafua asiiache.

ALHAJI: Wanaume, wembe! Siku ya kunyoa foleni za vinyozi ni ndefu, na pembeni kuna kijana kachuchumaa na wembe wake mmoja: kichwa hiki, kichwa kile, anaufuta kwa kitambaa. Homa ya ini B na C hupita hapo hapo. Nilimvuta mkono mwenzangu, akanijibu amechoka kusimama. Kinyozi mwenye kibali anafungua wembe mpya mbele yako.

MSAFIRI: Mimi ni maziwa ya ngamia. Tulipelekwa zizini, wenzangu wakayanywa mabichi. Nilipokataa wakaniita mzungu. MERS, homa ya virusi inayoshambulia mapafu, iligunduliwa Saudia mwaka 2012 na ngamia wanaibeba. Hata kumpapasa kwa ajili ya picha niliacha.

MWANZISHA MADA: Shukrani. Kisukari anacho, kesho tunakwenda kuchoma zote mbili. Hajjat, barakoa kwa mwanamke aliyehirimia haina neno?

HAJJAT: Hilo muulizeni shekhe wa kikundi chenu, kabla hamjapanda ndege.