Nota za kinubi pekee: Britten, Berio au Cage? Naomba ushauri kabla sijalipia

Mwana_Dunda: Wakuu, nipo Bagamoyo, nataka kuagiza nota za kinubi pekee, muziki wa karne ya 20. Hela inatosha kazi ya mtunzi mmoja tu: Suite ya Britten (1969), Sequenza II ya Berio (1963) au In a Landscape ya Cage (1948). Nichukue ipi?

Fundi_Nyuzi: Kinubi chenyewe cha pedali, unabadili sauti za nyuzi kwa miguu, au cha leva, unabadili kwa mkono? Unapigia wapi?

BiKaole: Britten, sibadilishi. Alimwandikia mpiga kinubi Osian Ellis wa Wales, na sehemu ya mwisho imejengwa juu ya wimbo wa kanisani, St Denio. Kama umepita kwaya, itakushika.

Mzee_Litungu: Berio! Hakutaka kinubi cha kubembeleza tu. Mpaka ubao wa sauti unapigwa.

Mwana_Dunda: Cha leva, nyuzi 34. Napigia wageni barazani, karibu na bahari.

Fundi_Nyuzi: Basi Berio sahau. Kinubi kikubwa kina pedali 7, kila moja ina ngazi 3, na Berio anazigeuza mfululizo huku mikono yote ina kazi. Wewe kila leva unaigeuza kwa mkono. Britten naye ana mageuzi mengi ya pedali. Cage ni nafuu, ila kagua besi: kikubwa kina nyuzi 47, chako kinaishia mapema huku chini.

BiKaole: Mimi baraza ndiyo inanitia hofu. Niliwahi kualikwa hoteli moja ya ufukweni. Kinubi kilishinda kwenye kiyoyozi. Nikaomba kitolewe mapema kizoee hewa, wakasema kitaziba njia ya wahudumu. Kikatoka wageni wameshakaa. Nyuzi za utumbo wa mnyama zikanywa unyevunyevu, nikiweka sawa huu, ule umehama. Kwenye Nocturne, sehemu ya Suite ya Britten, uzi ukakatika paa! Nikaendelea hivyo hivyo, na malipo wakakata.

Mzee_Litungu: Pole sana, Bi mkubwa. Kijana, litungu letu la Mara nalo ni kinubi, litungie kitu kipya.

Fundi_Nyuzi: Hapana, mzee wangu. Nyuzi za kinubi zinapanda moja kwa moja kutoka kwenye ubao wa sauti. Za litungu zinapita juu ya kidaraja kinachoziinua hadi mti wa juu. Ni ukoo mwingine.

Mzee_Litungu: Ukoo gani! Mwanamuziki Hukwe Zawose aliishi hapahapa Bagamoyo, zeze lake likasikika Ulaya bila kuulizwa ukoo.

Mwana_Dunda: BiKaole, nyuzi zangu ni za nailoni. Zitahimili?

BiKaole: Kuliko za utumbo, ndiyo. Wageni wanakuja mwezi gani? Kama ni masika, hilo ni jambo jingine.