Vita vya Kagera: kwenu wazee walikuwa wanasemaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Kila ikifika 25 Julai tunasikia Watanzania wote walisimama kama mtu mmoja dhidi ya nduli Idi Amin wa Uganda. Sawa. Mimi nataka yale ya sebuleni na ya kijiweni. Mzee wako alisema nini baada ya hotuba ya Mwalimu ya 2 Novemba 1978? Na jeshi lilipovuka Mutukula kwenda Kampala, aliona sawa, au aliona kazi imeishia mpakani? Habari za mizinga na vikosi tuwaachie wenyewe.

Naanza. Tulikuwa Tabora, baba karani wa reli. "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo" aliisikiliza amesimama, kisha akatoka nje bila kula. Kumpiga alikuunga mkono moja kwa moja. Aprili 1979 Kampala ilipotwaliwa, mtaa mzima unashangilia, yeye akauliza, "Na gharama hii analipa nani?" Mama akamfinya. Balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama pale mtaani, alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta.

Mdau wa Misenyi
Mleta mada, sisi tuliokuwa ng'ambo ya mto Kagera hatukupata nafasi ya kukaa tujadili. Tulikimbia. Daraja la Kyaka lilivunjwa, waliochelewa walitafuta mitumbwi. Ng'ombe wa ranchi walisombwa kwenda Uganda, na wa kwetu nao wakaenda na hao hao. Bibi aligoma kuacha migomba yake, ikabidi wajomba wambebe mzobemzobe huku anawatukana Kihaya.

Kuhusu kuvuka mpaka, babu hakuwa na mjadala. Mwaka 1972 ndege za Amin zilipiga Bukoba na Mwanza, wakubwa wakaenda kusaini makubaliano Mogadishu, tukaambiwa yamekwisha. Babu akawa anasema, "Safari hii mkimwachia mpakani atarudi mpunga ukiiva." Msomi wa Dar anayesema tungeishia Mutukula, mwulize nyumba yake ilikuwa kilomita ngapi kutoka Mutukula.

Mkongwe wa Mlimani
Huyo msomi ni mimi, haha. Tulibishana sana bwenini. Kanuni za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, zilikuwa wazi: usiingilie mambo ya ndani ya nchi nyingine, mipaka ya wakoloni iheshimiwe. Wenzetu wengine wakasema OAU hiyo hiyo ilimkabidhi Amin uenyekiti mwaka 1975, na alipotangaza kuinyakua Kagera ikashindwa hata kumlaani, basi ina haki gani ya kutupangia? Kwenye mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitushutumu. Chuoni hasira ikapanda hata kwa waliokuwa na mashaka. Nami nikanyamaza, ingawa hoja yangu niliiona bado ina uzito. Ukishaiondoa serikali ya jirani kwa bunduki, mtu wa kesho naye atatafuta sababu yake.

Mtoto wa Kariakoo
Tuseme ukweli. Redio moja, chama kimoja. Nani angepinga, na angepingia wapi? Kazini kwa mama michango ilikatwa kwenye mshahara, hakuna aliyeulizwa kama anataka. Hayo mnayaita maoni ya wananchi?

Mgambo wa Singida
Kijana, usituchanganye. Kaka yangu hakukatwa mshahara, hakuwa nao. Alitoka shambani na wenzake wa mgambo wakapanda lori. Kijijini wazee walichangia ng'ombe, na kwetu ng'ombe hatolewi kwa woga wa katibu wa tawi, anafichwa porini. Ungeona watu walivyofurika barabarani kuaga ungeelewa. Ila nikubaliane nawe kidogo: manung'uniko yalikuja baadaye. Mwalimu alisema tufunge mikanda miezi 18. Miezi ikaisha, sukari hakuna, sabuni hakuna, khanga unapanga foleni. Hapo ndipo nilipowasikia watu wazima wakisema vita ingeishia Kyaka. Mafuta ya taa yakikosekana, kila mtu anakuwa waziri wa mambo ya nje.

Mkwe wa Masaka
Naongeza la upande wa pili, mke wangu ni Mganda. Kwao waliwaita askari wetu bakombozi, na walipoingia watu walitoa matooke na pombe bila kuombwa. Lakini mji wa Masaka ulibomolewa vibaya. Roketi zetu za Katyusha wao waliziita saba saba, mpaka leo mama mkwe akisikia jina la sikukuu yetu ya Julai anacheka kwa shingo upande. Anamchukia Amin na anasikitikia duka la baba yake, yote mawili kwa pamoja. Tena anasema kilichomchosha si vita. Lule, rais aliyemfuata Amin, alikaa siku 68, akaja Binaisa, ikaja tume ya kijeshi, ukaja uchaguzi wa Desemba 1980 uliogombaniwa, na askari wa Tanzania bado wapo. Wakati huo aliyepokelewa kwa ndizi alishaanza kuulizwa anaondoka lini.

Jirani wa Kisumu
Sisi huku tuliangalia kwa mbali. Amin alishadai sehemu za magharibi mwa Kenya mwaka 1976, kwa hivyo hakuna aliyemlilia. Lakini mpaka wetu na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na baba, aliyekuwa akifanya biashara Musoma, alisema wazi kwamba Nyerere akishamaliza Kampala afungue mpaka wa Sirari. Alingoja hadi 1983.

Mdau wa Misenyi
Jirani wa Kisumu, mzee wako na babu yangu wangeelewana. Mleta mada, ulituuliza bila kumalizia ya kwako: baba yako alijibiwa hilo swali la gharama?

Mleta mada
Alijibiwa na balozi, siku ya pili yake asubuhi, kwa kuletewa stakabadhi ya mchango. Alilipa. Na swali akaendelea kuliuliza, ila chumbani.